Jani la Isale Mezani pa Makamishna

Siku yangu ya kwanza kazini Katibu wa Baraza alinikabidhi vibao tisa vya majina, akanionya: "Ndeshi, binti yangu, hapa watu hukaa kwa idara. Ukiwapanga kwa nchi, umeanzisha vita."

Ninyi wajukuu mnaouliza baraza hilo lilikuwa nini, sikilizeni. Nchi tatu jirani zilikuwa na shughuli za pamoja, na kila nchi ilitoa makamishna watatu wa kuzisimamia. Kila kamishna alibeba idara yake: uchukuzi, fedha, posta na simu, utafiti wa kilimo na nyinginezo. Kamishna wa Fedha alikuwa Mchagga mwenzetu, Mlutheri mwenye kiburi cha kutosha watu wawili. Wa Uchukuzi alitoka nchi jirani, na reli zote zilikuwa mkononi mwake. Mimi karani wa mikutano kazi yangu ilikuwa kupanga meza, kugawa makabrasha na kufunga mdomo.

Mkutano wa mwisho ulifanyika hapa Moshi, hali ikiwa imechafuka. Wa Fedha alikuwa amemwita mwenzake mwizi wa mabehewa mbele ya watu. Wa Uchukuzi naye aliapa kwamba asipoombwa radhi asubuhi ile, hakuna treni itakayovuka mpaka. Mume wangu, Elinami, alikuwa fundi wa injini kwenye karakana ya ng'ambo ya mpaka, nchini kwa huyo wa Uchukuzi, ambako watu wetu walikuwa wameanza kupigwa mawe. Treni ya jioni ndiyo ilikuwa njia yake pekee ya kurudi. Nilipanga vibao huku nikitazama saa.

Wa Fedha aliingia na jani la isale, mmea ule tunaoupanda mipakani mwa mashamba. Nilitamani kupiga vigelegele! Kwetu anayekuletea isale amejishusha hadi chini kabisa, na humkatalii. Aliliweka mbele ya mwenzake bila neno. Wa Uchukuzi akatabasamu kwa adabu, akalichomeka kwenye chombo cha maua.

Wa Fedha akafunga kabrasha lake.

"Mzee, mweleze," nilimnong'oneza.

"Isale halielezwi, mama."

Kiburi kile! Nilikasirika hadi nikasahau cheo changu. "Mheshimiwa," nikamwambia Wa Uchukuzi kwa sauti, "hilo si pambo. Anakuomba msamaha. Na mimi mume wangu yuko kwenu."

Katibu alinitazama kama mtu aliyekwisha kunifukuza. Wa Uchukuzi alilitoa jani majini, akalifuta kwa leso yake.

"Mimi nimemsamehe," alisema. "Treni ya leo itapita. Ya kesho siahidi, hiyo iko kwa wakubwa wetu."

Makamishna wote wakaenda kunywa chai. Waliporudi, kila mmoja alihamisha kibao chake, wakaketi kwa nchi. Baraza halikukutana tena.

Sasa nimestaafu, naishi Shirimatunda, hapa hapa Moshi. Mkiniuliza kama baraza lile lilikuwa na faida, siwezi kulipima kwa haki, maana lilinirudishia mtu wangu. Yuko nje anapogoa masale ya mpakani, analalamika kwamba jirani ameyasogeza. Nimemwambia akate jani moja ampelekee, yaishe. Amekataa. Anasema jirani ndiye aanze.