Kiingereza cha Barua za Cleopas

Rosebella hakujua kusoma, lakini Kiingereza cha jela alikielewa kuliko wanafunzi wengi waliokuja mtaani Wandegeya kununua chapati zake. Alikipata kwenye barua za mumewe. Cleopas, Mkenya mwenzake wa Busia, alifungwa kwa kuuza betri za magari ya watu, na barua zake aliandikiwa na mfungwa mwenzake, karani wa zamani mwenye madaha. Bwana huyo hakuweza kusema gerezani kama watu wengine; lazima aseme "inside". Na mtu wa kutoka na kurudi, kutoka na kurudi, alimwita "jailbird". Rosebella alicheka sana alipoambiwa kwamba eti huyo ni ndege.

Msomaji wake alikuwa Anena, binti wa chuo aliyekaa hosteli ya jirani. Walikuwa na utaratibu wao: kwanza Anena anasoma Kiingereza chote kwa sauti, ndipo anakieleza kwa Kiswahili, huku akitafuna chapati yake ya bure.

Katikati ya mwaka 1994, baada ya kimya cha miezi mitano, barua ikaja. Rosebella aliipokea kwa mikono yenye unga. Alimtamani mume wake waziwazi, bila kumwonea mtu haya. Anena akasoma, kisha akaeleza kwamba Cleopas ni mzima, anasalimu, na bado yuko ndani.

Rosebella akaiacha chapati iungue.

"Rudia pale juu," alisema. "Nimesikia 'back inside'. Hiyo ni mtu amerudi."

Anena akainamisha kichwa. "Anti, niliona itaumiza wewe."

"Alitoka lini?"

Alitoka mwezi wa tatu, akakaa nje wiki tatu, wakamkamata tena. Kutoka gerezani mpaka Wandegeya ni mwendo wa asubuhi moja tu. Wiki zile zote Rosebella alikuwa hapohapo kwenye kikaango, akimlilia mtu ambaye huenda alikuwa anakunywa chai upande wa pili wa mji. Iliuma vibaya. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba bado alimtaka.

Anena akachukua kalamu, akauliza kama aandike kwa ukali.

"Hapana. Mwambie anitajie tarehe ya kutoka," alisema Rosebella. "Safari hii nitamngoja langoni, asipate nafasi ya kuchagua njia."