Koti la Kompyuta ya Bibi Pindo

Jina la Bibi Pindo alipewa na wateja, na alilistahili. Ukimpelekea sketi iliyopindwa na mtu mwingine, aliifumua hapo hapo mbele yako, hata kama hukumwomba, kisha akakuuliza, "Nani huyo aliyekuharibia nguo?" Shule alikwenda miaka miwili tu. Herufi alizisoma polepole, moja moja, kama anayechambua mchele. Lakini namba za futi alizijua kuliko mtu yeyote, na cherehani alikuwa ameikalia miaka arubaini na mitatu.

Kompyuta ililetwa na binti yake. Ikawekwa sakafuni chini ya meza ya kukatia, kioo chake na printa yake juu ya meza, na tangu siku hiyo vipimo vya wateja vikaacha kuandikwa daftarini. Bibi Pindo alinuna wiki nzima. Wiki ya pili akaishonea koti. Kwake hakuna kitu kinachokaa uchi: redio ina nguo, cherehani ina nguo, hata mtungi wa gesi una sketi ya marinda. Basi kompyuta nayo ikapata koti la kitambaa kizito cha bluu, lina bitana, limebana kama sare ya askari, na vitundu vitatu tu vya kupitishia waya na kimoja cha kitufe. Kila aliyeingia alilisifu, na mshonaji akavimba kichwa.

Ikafika Alhamisi moja. Sare za wauguzi thelathini na wanane zilitakiwa Jumatatu. Vipimo vyote vilikuwa ndani ya kompyuta, na wauguzi wenyewe wameshatawanyika, kila mmoja kwenye zahanati yake. Kitambaa kimefuliwa, kimepigwa pasi, kinangoja mkasi. Binti akaiwasha kompyuta. Ikavuma kama inapanda mlima, ikazima. Akaiwasha tena, ikazima tena.

Fundi wa kompyuta akaitwa. Alikuja na mkoba mweusi, akabonyeza kitufe, akasubiri, ilipozima akatikisa kichwa. Hata koti la mashine hakulivua.

"Mama, hii imekufa. Saa nane nitakuja kuichukua, nikajaribu kutoa vilivyomo ndani. Wiki moja hivi."

"Wiki!" binti akasema.

"Mkibahatika."

Alipoondoka, binti akavaa viatu. "Mama, nakwenda kwa msimamizi wa wauguzi nikamwombe siku. Asipotupa, kazi hii imetutoka. Tafadhali, usiiguse."

"Niiguse kwa nini? Mimi mwehu?"

"Mama, nakujua."

"Nenda, na unijue huko huko njiani."

Bibi Pindo akabaki na pindo la mkono wa gauni. Akashona kidogo. Akaitazama kompyuta. Halafu akanyoosha mguu, akakibonyeza kile kitufe kwa kidole gumba cha mguu, maana alikuwa hajasema hataigusa kwa mguu. Ikawaka. Akamaliza pindo zima, ndipo ikazima. Akaiwasha papo hapo: ikazima pindo likiwa nusu. Mara ya tatu, hata robo hakufika. Akaiacha, akanywa chai yote bila haraka, akaiwasha tena. Pindo zima!

"Wewe," akaiambia, "hujafa. Umechoka. Maiti gani huyu anaamka kila akipumzishwa?"

Mota ya cherehani yake iliwahi kumfanyia vile vile, mwaka ule wa sare za shule, ilipozibwa na nyuzi. Akachomoa waya ukutani. Akapenyeza mkono chini ya koti. Joto la pasi! Akalivua, akaligeuza: bitana ya mgongoni, pale mashine inapotolea pumzi, imekuwa rangi ya kahawia.

Bibi Pindo akakaa chini kitini. Alilitazama lile koti lake, mishono yake iliyonyooka. Mtu mwingine angelificha uvunguni. Naye aliutazama uvungu kwanza, sitadanganya. Kisha akaliweka juu ya meza, wazi, mahali ambapo kila mtu angeliona, akachukua bisibisi ya cherehani.

Binti aliporudi alimkuta mama yake sakafuni, kompyuta ubavu wazi, na kando yake rundo la uchafu wa nyuzi na vumbi, limeshikana nene kama kipande cha blanketi.

"Mama! Umeipasua!"

"Nimeifungua. Kupasua ni kazi ya wengine. Msimamizi amesemaje?"

"Amekataa. Amesema jioni ya leo kama hatujaanza kukata, anawapa wengine. Na wewe, Mama, unafanya nini na brashi ya cherehani?"

"Nashika feni kwa kidole isizunguke, nafagia. Kama gurudumu la cherehani tu." Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kopo la mafuta, maana cherehani ikishasafishwa hutiwa tone. Akaurudisha. "Hapana. Huyu sijamzoea tabia."

"Lakini ilikuwa imefunikwa. Vumbi limeingiaje?"

"Limeingia kwa chini, likakosa pa kutokea. Lile koti langu ndilo lililoiziba pumzi. Kosa ni langu, na nimeliona mimi mwenyewe, sikuonyeshwa na mtu. Haya, funga hiyo skrubu, macho yako bado mapya."

Wakaiinua juu ya kigoda, mbali na sakafu, uchi kama ilivyotoka dukani. Binti akabonyeza. Ikawaka. Bibi Pindo akashika sindano.

Pindo la kwanza likaisha. Kompyuta bado inawaka. La pili. Binti ameshika mashavu, hapumui. La tatu likaisha, na ile feni inaimba kwa sauti ndogo, tamu, kama cherehani iliyotoka kutiwa mafuta.

"Mama!"

"Usinipigie kelele, chapa vipimo. Vyote!"

Karatasi zikatoka. Thelathini na wanane, hakupungua mtu. Binti akampigia simu msimamizi, na Bibi Pindo akaupitisha mkasi wake kwenye kitambaa kwa makusudi karibu na simu, kra, kra, ili huko upande wa pili wasikie.

Saa nane fundi akabisha hodi. "Nimekuja kuichukua ile iliyokufa."

"Pita, mwanangu. Imefufuka, inafanya kazi. Kaa hapo." Akamtazama kifuani. "Shati lako halina kifungo cha pili. Livue nikushonee, bure. Na siku nyingine ukiitwa kwa mgonjwa, mvue koti kwanza."

Fundi akacheka, akavua shati.

Sare zilitoka Jumatatu asubuhi. Lile koti Bibi Pindo alilifumua mshono kwa mshono, akaligeuza mto wa kiti chake. Mpaka leo analikalia.