Umeruka Neno

Kiingereza sikukipata darasani. Darasani nilipata kibao. Kidato cha kwanza, ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao cha mbao shingoni mpaka umkamate mwenzako, na mimi nilikivaa hata kamba ikanichubua. Nilikuwa nimetoka shule ya msingi Mkonze nikijua salamu na rangi tatu. Nikawa bubu, na mwalimu akaandika kwenye ripoti kwamba nina adabu.

Aliyenifundisha ni dada mmoja wa nchi ya mbali ambaye sura yake sikuwahi kuiona. Mama alipeleka simu yake mjini kuwekewa nyimbo za kwaya, na kijana wa kibanda cha nyimbo akachanganya mafaili. Katikati ya mapambio akatokea mwanamke anarap na kughani mashairi juu ya wapangaji waliofukuzwa, mishahara ya dhuluma na maji yenye sumu. Nilisikiliza mstari, nikasimamisha, nikauandika kama nilivyousikia, kisha nikasaka kila neno kwenye kamusi.

Mama aliishia darasa la nne, na Kiswahili chenyewe alikikuta kikimsubiri shuleni, maana kwao walisema Kigogo tu. Lakini tulipokaa uani kubangua karanga za mbegu, aliniamuru nighani. Neno geni akauliza maana, midomo ikacheza kimyakimya mpaka alipolipatia la kwao. Baada ya wiki mbili alikuwa na shairi zima kichwani, na nilipoliruka neno lililonishinda, ganda la karanga lilinipata usoni.

"Umeruka neno."

"Mama, hilo si la muhimu."

"Aliyeliweka ana wazimu? Rudi."

Alichokipenda zaidi ni kile kipande cha visima. Kiwanda kinamwaga sumu, inaingia kisima kimoja, kisha cha pili, na wakubwa wanajua ila hawasemi. Kwenye kuenea kwa ile sumu dada alitumia neno "spread", na mama akalitwaa likawa lake. Umbea wa kwaya ukawa umespredi. Utitiri wa kuku ukaspredi. Tulicheka mpaka jirani akachungulia ukutani.

Nilipofika chuo nikaanza kupanda jukwaani. Kila Ijumaa mchana nilighani kwa Kiingereza juu ya wanyonge wanaoamuliwa mambo yao bila kuulizwa, na wenzangu walishangilia. Nilijiona mtetezi wa watu. Sikujua kwamba hasira yangu ilihitaji kipaza sauti ndipo itoke.

Kisha mama akaugua tumbo. Tulimchelewesha, kwanza kwa mitishamba, halafu kwa kungoja zabibu zetu zivunwe tupate hela. Hospitalini walikuja madaktari watatu, mkubwa na wanafunzi wake wawili. Wakampa mama shikamoo zao vizuri kabisa, kisha wakahamia Kiingereza juu ya mwili wake, kama wazazi wanavyobadili lugha watoto wasisikie. Yule mkubwa alisema "spread" mara mbili, kwenye ini na kwenye mapafu. Akasema hakuna la kufanya, arudishwe nyumbani.

Nilielewa kila neno. Jambo lile lile ndilo nililokuwa nikilipigiwa makofi kila Ijumaa, na maneno yote ninayo. Nilichosema ni, "Thank you, doctor." Basi. Nilijichukia pale pale, na mpaka leo sijaacha.

"Wamesemaje?" mama akauliza walipoondoka.

"Ni vidonda vya tumbo, mama. Ukapumzike nyumbani, dawa itafanya kazi polepole."

Akanitazama. "Haya. Asante, mwanangu."

Mama alikuwa na kaka yake kijiji cha Zuzu, na hawakuwa wamesalimiana tangu mimi nikiwa mtoto, kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Mtu anayejua anakufa humwita ndugu yake. Nililijua hilo, na bado kila asubuhi nilikoroga uji nikamwambia leo macho yako yana nuru. Nilijidai namhurumia, kumbe nilikuwa najihurumia mwenyewe.

Wiki ya tatu, mchana mmoja, akaomba daftari langu la zamani.

"Nighanie visima."

Nikaanza. Sauti yangu ile ya jukwaani haikutoka. Kisima cha kwanza, kisima cha pili, na nilipofika kwenye lile neno nikalipita haraka, nikaenda mstari unaofuata.

"Umeruka neno," akasema mama.

Nikainama kwenye daftari. Sikuweza. Akalisema yeye, "spread", kwa matamshi yake yale yale ya uani, ila hakuna aliyecheka.

"Nililisikia siku ile," akasema. "Nikangoja uniambie."

Nikalia kama mtoto. Aliniacha nilie, kisha akasema, "Sasa nenda Zuzu ukamwite mjomba wako. Nina neno naye."

Nilikwenda saa ile ile. Mjomba alikuwa ametoka na ng'ombe, mbali, na nilimngoja mpaka jua likazama. Tulifika Mkonze asubuhi iliyofuata. Mama alikuwa bado anapumua. Mjomba akavua kofia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamsalimu dada yake kwa Kigogo mara tatu, asijibiwe.