Nyapara wa Chai ya Barabarani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mabati ya Kiptere, na Sally Chepngetich ameshaanza kugomba.

"Wewe! Hiyo ni majani tatu!" anamfokea kijana mwenye koti la mvua anayesubiri lori la chai lipite ndipo avuke. "Majani mbili na kichipukizi! Kwani kwenu mnachuna namna gani?"

Kijana anacheka. Analitupa jani la tatu na kuyatia yaliyobaki katika kikapu kilichofungwa kwenye nguzo. Lori likishapita, anavuka na kwenda zake, kana kwamba kugombezwa na mama huyu ni sehemu ya kunawa uso.

Mgeni anayefika hapa mara ya kwanza husimama akashangaa. Barabara kuu ya soko imegawanywa na tuta refu lililozungushiwa ukingo wa mawe, na juu ya tuta hilo hakuna maua wala nyasi. Kuna chai. Ni chai kamili, imesawazishwa kama meza, kuanzia kwenye poshomili, kinu cha kusagia unga, hadi hatua chache kabla ya zahanati. Kila anayesimama hapo kungoja magari yapite, awe mwalimu, mhubiri au mlevi anayerudi nyumbani, mkono wake huteremka na kuchuma.

"Mtu wa huku hawezi kusimama karibu na chai akiweka mikono kwa mfuko," anasema Sally. "Mkono unaenda yenyewe."

Mwaka huu wa 2002 Sally ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Ameajiriwa na kamati ya wafanyabiashara wa soko kufagia barabara na kutunza miti yake, kwa mshahara ambao anasema unatosha sabuni na sukari, na mwezi mzuri unabakisha nauli ya kwenda kumwona binti yake Kimulot. Huvaa gambuti na aproni ya plastiki ya wachumaji. Mkononi hashiki ufagio peke yake. Hushika pia ufito mrefu ulionyooka, ule ambao wachumaji huulaza juu ya michai ili wajue jani lipi limezidi kimo.

Ufito huo ameutoa katika maisha yake ya zamani. Alianza kuchuma chai akiwa msichana, akapanda cheo akawa nyapara wa wanawake wenzake, na sauti ikazoea kuvuka mashamba. Shamba lilipopunguza watu, alirudi Kiptere kwa mumewe bila kazi, lakini sauti hakuiacha huko. Sokoni hakuna anayemwita Sally. Wote humwita Nyapara, na yeye huitika.

Ili kumwelewa Nyapara na chai yake, ni lazima kumfahamu kwanza Yunia Aoko.

Yunia huuza samaki wa kukaanga. Alikuja huku kutoka upande wa ziwani pamoja na mumewe aliyepata kazi kiwandani, wakapanga chumba jirani na kwa Sally, na wanawake hao wawili wakawa hawaachani. Wakati huo barabara ya Kiptere ilikuwa pana na tupu kama uwanja wa mpira. Gari lilipita popote lilipotaka na kuegesha popote lilipochoka. Siku moja mwaka 1993, Yunia akivuka na beseni kichwani, pikapu ilimgonga na kumvunja mguu. Mguu ulipona, ila hadi leo huchechemea.

"Nilimwambia Yunia, siku moja nitakuwekea mahali pa kupumzika huko katikati," anasema Sally. "Alicheka. Aliona ni maneno ya kumliwaza mgonjwa."

Mwaka uliofuata mvua ya masika iliichimba barabara hata ikabidi itengenezwe upya. Injinia alikuja na karatasi zake, na kamati ikaitisha mkutano kuamua upana ule ugawanywe vipi. Barabara ilikuwa pana, lakini haikuwatosha watu wa Kiptere na matakwa yao.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Arasa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alitaka maegesho pande zote mbili. "Mteja wangu amenunua mabati," alisema. "Ataibeba na kichwa?"

"Hata mimi niko na mzigo kwa kichwa, Mwenyekiti," Yunia alimjibu akiwa ameegemea mkongojo, "na sina tairi."

Akina mama wa mboga walitaka njia ya miguu iliyoinuliwa, matope yasiwafuate. Sally, ambaye hata hakuwa mjumbe, alisimama nyuma akadai miti ya kivuli na tuta la katikati. Walivutana hadi jioni. Mwishowe kila mmoja alipata nusu ya alichotaka na kununa kwa nusu iliyobaki: maegesho yakawa upande wa juu, njia ya miguu upande wa chini, miti ya migrevilea kandokando, na tuta katikati. Sally akapewa kazi ya kulitunza.

Injinia alisema lipandwe maua. Yakapandwa, na siku ya soko iliyofuata mbuzi wakayamaliza. Yakapandwa tena, wakaja ng'ombe. Ndipo Sally akakumbuka miche ya chai iliyobaki katika kitalu chake nyuma ya nyumba.

"Mbuzi haisumbui chai," anasema. "Sikuwa na akili nyingine zaidi ya hiyo."

Watu walimcheka. Chai barabarani! Walimuuliza kama atapanda na mahindi kwenye ngazi za kanisa. Sally aliinamisha kichwa akapalilia. Michai ilishika, ikatanuka, ikafika kiunoni, na hapo ndipo ile mikono ya watu ilipoanza kuteremka yenyewe. Naye Yunia akawa anavuka barabara kwa awamu mbili. Akifika katikati anasimama, anavuta pumzi, anaangalia upande wa pili, ndipo anamalizia.

Hadithi ingeishia hapo kama Nyapara angekuwa mtu wa kunyamaza.

Kilichomuudhi hakikuwa kuchumwa kwa chai. Kilimuudhi kuchumwa vibaya. Watu waling'oa jani gumu pamoja na bua, wakarukaruka, huku pamenyolewa na kule pameachwa. Aliwakemea, wakacheka. Aliwaonyesha ufito, wakauchezea. Mwishoni mwa mwaka 1997 uvumilivu ulimwishia, akanunua seng'enge, akaizungushia chai yote, akibakiza mwanya mmoja tu wa kuvukia. Kisha akapanda gari kwenda Kimulot, ambako binti yake alikuwa karibu kujifungua.

"Ilikuwa kiburi," anakiri, akicheka kidogo. "Nilitaka wajue hiyo chai ni ya nani."

Mvua ya El Nino ikaanza. Mvua hiyo, kila mtu wa huku anaikumbuka kwa lake: daraja lililosombwa, mahindi yaliyooza. Sally anaikumbuka kwa chai. Barabara zilikatika, akakwama Kimulot na mjukuu mchanga mapajani, huku michai ya Kiptere ikinywa maji usiku na mchana bila mkono wa mtu kuigusa. Aliporudi ilikuwa imepita mabega yake. Mtu akisimama kwenye mwanya, madereva hawamwoni, naye hawaoni.

Kabla hajatua hata mzigo wake, aliona watu wamekusanyika. Dereva wa lori la chai, Kipngeno, alikuwa amesimama kando ya gari lake. Mbele ya tairi samaki walikuwa wametapakaa barabarani na mbwa walikuwa na sherehe. Yunia alikuwa ameketi chini katikati ya samaki wake. Alikuwa amechomoza kwenye mwanya, na Kipngeno alishika breki akiwa amebakiza nafasi ya beseni tu.

"Nilijipapasa miguu," anasimulia Yunia, "nikakuta yote iko. Nikasema Mungu ni mwema, sasa nani atalipa samaki?"

Watu walicheka kwa sababu ya kupona kwake. Sally hakucheka. "Nilisikia vibaya sana," anasema. "Chai niliyopanda kumchunga ndiyo ilitaka kumuua. Nilienda nyumbani nikakataa hata kula."

Kamati haikuchelewa. Iliamua chai ing'olewe Jumamosi baada ya soko, tuta lisawazishwe, na mahali pake pawe maegesho. Hoja ya Mzee Arasa haikuwa mbaya: malori yalikuwa yakipakua saruji katikati ya njia kwa kukosa pa kusimama. Lakini Sally aliona jambo moja tu. Yunia angerudi kuvuka ule uwanja mtupu kwa mguu wake mbovu, bila pa kupumzikia.

Ijumaa ile aliiondoa seng'enge kwa mikono yake. Kisha akachukua panga la kupogolea, akaikata michai yote chini kabisa, mpaka vikabaki vijiti vitupu vya kahawia.

"Nilisema, kama wataing'oa, basi waing'oe ikiwa safi. Mimi ni nyapara."

Jumamosi wanaume walikuja na majembe begani. Walilizunguka tuta. Sally na Yunia walisimama mlangoni mwa poshomili wameshikana mikono.

Arasa akainua jembe, kwa kuwa ndiye mwenyekiti. Akaliteremsha polepole. Akautazama mchai uliokuwa mbele yake, ulivyokatwa, jeraha lake jeupe likiwa bado na unyevu.

"Anza wewe, Kipngeno," alisema.

"Mimi nimekuja kuangalia tu, Mwenyekiti," Kipngeno akajibu.

Arasa akamgeukia mwingine, na huyo naye akakumbuka kuwa mgongo unamuuma. Wa tatu akasema jembe lake limelegea mpini. Wote hao walikuwa na chai nyumbani. Wote walijua kuwa mchai uliopogolewa haujafa, unajiandaa. Kila mmoja wao aliwahi kuambiwa na wazazi wake kwamba chai ndiyo karo, ndiyo bati la nyumba, ndiyo ng'ombe wa mahari. Maua wangeyafyeka huku wakipiga soga. Hiyo chai hakuna aliyekuwa na mkono wa kuigusa.

Arasa mwenyewe alitoka katika milima ya Kisii, ambako baba yake alifariki akiacha shamba la chai. Aliketi kwenye ukingo wa mawe, akaanza kucheka. "Mimi siwezi," alisema. "Mzee angefufuka anitafute."

Kicheko kikasambaa, majembe yakateremshwa. Lakini Arasa alipomaliza kucheka, aliuliza swali ambalo hakuna aliyelitaka: "Sawa, chai ikae. Lori yangu itapakua wapi?"

Sally aligeuka akautazama mgrevilea uliosimama kando ya duka la Arasa, pale ambapo lori lingeweza kuingia kinyumenyume kama mti usingekuwapo. Ulikuwa mti wake wa kwanza katika barabara ile. Aliupanda juma lile alilomzika mumewe.

"Nipeni shoka," alisema.

Aliukata mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. "Nililia, siwezi kuficha," anasema. "Lakini mti ni mti. Yunia ni mmoja."

Leo lori la saruji huingia pale na kupakua bila kumzuia mtu. Kisiki kiling'olewa kikawekwa kando ya ukuta, na Mzee Arasa hukikalia asubuhi akinywa uji. Akina mama wa mboga wana njia yao ya miguu, ingawa mbele ya duka lile hawana kivuli na hawaachi kulisema. Chai ilichipua upya. Seng'enge haikurudi, na mkutano uliofuata ulikubaliana jambo ambalo Sally aliliomba kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake: kwamba kila anayesubiri kuvuka achume, ili michai isipite kiuno tena. Majani huyatia kikapuni, naye Sally huyapeleka kwenye kituo cha kununulia chai pamoja na ya shamba lake dogo.

Bado wanachuma vibaya. Bado anagomba. Ila sasa akimaliza kugomba husema asante.

Mchana Yunia anafika tutani, beseni kichwani. Mkono mmoja umeshika beseni, mwingine unateremka na kurudi na majani mawili na kichipukizi, safi kabisa.

"Nyapara, kagua!" anaita.

"Hii ndiyo watu wa ziwa wanafundisha wenyeji," Sally anajibu kwa sauti, ili wenyeji wasikie.

Sasa ana mpango mwingine. Tuta linakoma kabla ya kufika zahanati, na hapo ndipo akina mama wenye watoto wachanga huvuka wakikimbia. Wenye magari wanapataka pawe maegesho, na Mzee Arasa ameshatamka kuwa anawaunga mkono. Kamati itakaa Jumamosi ijayo kuamua.

Sally hakuingoja. Jumatatu asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, yeye na Yunia walikwenda na miche kutoka kitaluni, wakainua udongo, wakaipanda miche mstari mmoja hadi lango la zahanati. Kila jioni Yunia huimwagilia maji aliyooshea samaki. Miche tayari imesimama wima, majani yake yanang'aa.

Na kamati ikija na majembe?

Sally anaulaza ufito wake juu ya chai, anainama kuangalia kama umekaa sawa, halafu anatabasamu.

"Wacha waje," anasema. "Nataka tu kuona nani ataanza."