Niliyoyaona Nikiwa Mdhamini wa Punda

Siku ya kwanza niliporipoti kazini Kisaka, kwenye makao ya shirika la kuokoa wanyama, Mwenyekiti wa bodi hakunionyesha ofisi. Alinipa brashi ngumu akanielekeza zizini. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani, maana niliitwa kikaoni, na kikao kwangu ni jambo la kuvalia. Nikamwuliza kikao kinaanza saa ngapi.

"Ukimaliza kuwasugua," alisema. "Utaweka sahihi kwa niaba yao. Uwajue kwanza."

Mwenyekiti alikuwa hakimu mstaafu, mtu mrefu mwenye maneno machache, na hata nje ya mahakama aliongea kama anasoma hukumu. Mimi nilikuwa nesi mstaafu. Nilikuwa nimezalisha akina mama wa Kenyamonta mpaka mabinti niliowapokea duniani wakaja kujifungulia mikononi mwangu. Nilidhani mambo ya kujifunza yamekwisha. Punda wa kwanza niliyemgusa siku ile alikuwa na kidonda mgongoni kipana kama sahani, kwa sababu mizigo ilifungwa miaka mingi juu ya mfupa bila tandiko, ile nguo nene inayotakiwa kulala katikati ya mzigo na ngozi. Nilipokisafisha alitetemeka mwili mzima, lakini hakuondoka. Aligeuza kichwa akanitazama. Wagonjwa wangu wote wa hospitali walikuwa na mdomo wa kuniambia panapouma. Huyu alisimama tu, akaniachia mgongo wake. Niliingia kikaoni nikinuka zizi, nikawa mjumbe wa Bodi ya Wadhamini.

Vijana mnaosoma haya, mnapomsikia mdhamini huenda mnamfikiria mtu anayekwenda polisi kumtoa mwenzake. Udhamini wetu ulikuwa mwingine. Shirika la kuokoa wanyama haliwezi kushika kalamu lenyewe, kwa hiyo ardhi, zizi na kila mnyama anayepokelewa hukaa chini ya majina ya wadhamini. Vitu ni vyako kisheria, ila huruhusiwi kunufaika navyo hata kidogo. Mshahara hakuna. Mnakutana ikitimia akidi, yaani idadi ya wajumbe inayofanya kikao kihesabike, mnaamua, kisha mnabeba lawama ya mlichoamua. Mume wangu alipoulizwa na majirani ninakwenda wapi kila wiki, alijibu, "Amepata wagonjwa wengine." Wengine waliniuliza waziwazi kama watu wamekwisha shida mpaka nikahudumie punda. Nikawa nawakaribisha chai.

Kila mdhamini alipewa eneo la kuangalia. Nilianzia nyumbani, Kenyamonta, nikizunguka na Daktari wetu wa mifugo, binti wa Mbeya mwenye mikono midogo na sauti ya upole. Tulifundisha watu kushona matandiko kwa magunia na nyasi kavu. Baadaye nikahamishiwa Mbalibali, ambako wanyama wa porini hawako mbali na mlango. Huko kazi ilikuwa kuimarisha maboma. Asubuhi moja tuliitwa kwenye mji wa mfugaji mmoja, tukakuta nyayo za simba zimelizunguka boma lote, nyingine zimefika kwenye miiba ya ua kabisa. Ndani punda walikuwa wamebanana, na katikati yao mtoto wa punda aliyezaliwa juzi, hata hajashika vizuri miguu yake. Daktari alichuchumaa akaweka kiganja chake ndani ya wayo mmoja, kikapotea humo. Mwenye mji alivua kofia yake, kama tunavyofanya padre anapopita.

Kituo changu cha tatu kilikuwa ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Tarime, kwenye machimbo ya dhahabu. Huko ndiko nilikoona jambo ninalotaka kulieleza vizuri.

Machimbo yale yalijaa watu kutoka kila mkoa. Wachimbaji wadogo huchimba shimo la kwenda chini wanaloliita duara, wakalishikilia kwa magogo wanayoyaita matimba, ili kuta zisianguke. Wanaoshuka hujiita nyoka. Mawe yakitoka hupelekwa kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, na karasha zilinguruma mlima mzima kutwa nzima, hata kusalimiana ilibidi mkaribiane. Wenyeji na wageni hawakupendana sana. Wenyeji walisema wageni wameleta wizi, wageni wakasema wenyeji wanawauzia maji kama soda. Maji yenyewe yalibebwa na punda.

Mama Robi alikuwa mwuza maji. Mume wake alishafariki, na maisha ya nyumba yake yalikuwa migongoni mwa punda wawili majike waliokua pamoja. Siku moja, jua likiwa bado la asubuhi, alinipigia simu akilia. Mmoja wa punda wake ametumbukia kwenye duara la zamani lililoachwa wazi, nyasi zimeota mdomoni mwa shimo. Mimi na Daktari tulikuwa karibu, tukachukua bodaboda.

Hatukuhitaji kuelekezwa. Yule punda wa pili alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, madumu ya maji bado mgongoni, akilia kwa sauti niliyoisikia juu ya ngurumo ya karasha. Watu walijaribu kumsogeza kwa kamba, akakataa. Akinyamaza, kutoka chini kabisa, mwingine alimwitikia.

Daktari alilala kifudifudi akamulika kwa tochi. "Amekaa, ameegemea ukuta," alisema. "Sioni miguu. Kama imevunjika, itabidi nimchome sindano afe bila maumivu. Lakini mama, hata hiyo sindano inataka mtu ashuke."

Nikampigia Mwenyekiti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kanuni yetu unaijua," alisema. "Hatuweki uhai wa mtu hatarini kwa ajili ya mnyama. Lakini mimi niko Kisaka, shimo unaliona wewe. Ukiwa na shaka, ondokeni. Utakachoamua, kimeamuliwa na bodi."

Nilikata simu nikiwa nimeshaamua kuondoka. Nimezungumza na familia nyingi wodini, najua namna ya kumwambia mtu kwamba hakuna la kufanya. Nikamshika Mama Robi mkono.

"Mama, shikamoo," mtu akasema nyuma yangu.

"Marahaba."

Alikuwa kijana mwembamba, vumbi la mawe limemkaa kwenye kope. Jina lake Masanja, mtu wa Shinyanga. "Mimi nitashuka," alisema.

Nikamwambia haiwezekani. Nikamweleza habari ya kanuni, na kwamba mimi ndiye nitakayeulizwa. Alinisikiliza kwa heshima.

"Mama, mimi niliwahi kufukiwa," akasema. "Si hapa, huko nyuma. Kifusi kilishuka nikabaki kwenye kitundu. Nilikuwa nasikia watu juu wanabishana. Wengine wanasema tuchimbe, wengine wanasema ameshakufa, tutafukiwa na sisi. Nilikuwa nasikia kila neno. Huyo punda naye anatusikia."

Nilimwaza mama yake, popote alipo, kama angekuwa amesimama pale nilipo. Kisha nikamwita meneja wa duara la jirani, mtu mnene anayejulikana kwa ukali, nikamwomba aliangalie shimo kama angemshusha mwanawe wa kumzaa. Alizunguka, akagonga matimba ya juu kwa nondo, akasikiliza. Akasema magogo bado mazima, na hewa ipo, maana punda anapumua. Akaagiza winchi yao, mashine ya kuvutia mizigo, ihamishwe, na kamba mbili, moja ya mzigo na moja ya mtu.

"Mtu hafungwi kwenye kamba ya punda," nikasema. "Na akisema mvuteni, anavutwa hapohapo, punda abaki."

"Ndiyo, mama," meneja akasema.

Daktari alimwonyesha Masanja mahali pa kuchoma dawa ya kutuliza, kwenye nyama ya shingo, na namna ya kupitisha mikanda mipana chini ya tumbo, mmoja nyuma ya miguu ya mbele, mwingine mbele ya miguu ya nyuma. Hayo ndiyo machela ya kumwinulia mnyama. Alimfanyisha mazoezi mara kadhaa kwenye gunia la mchanga, mpaka akaridhika. Masanja akakaa ukingoni, akajifunga, akapotea chini.

Tulikuwa hatumsikii. Meneja akapanda juu ya jiwe, akainua mikono na kutoa ishara ya kuzima. Karasha ya karibu ikazimwa. Iliyofuata ikazimwa, na ya mbele yake, mmoja akimpungia mwenzake, mpaka ng'ambo ya mlima. Nilikuwa nimekwenda machimbo yale miaka kadhaa na sikuwa nimewahi kusikia ndege pale. Nilimsikia siku hiyo. Kila dakika mashine zikiwa zimezimwa ni riziki ya watu, na hakuna aliyenung'unika. Walikuja wakasimama, vumbi limewafanya wote rangi moja.

Sauti ya Masanja ikapanda, imetulia kama ya mtu anayeongea mezani. "Miguu naishika yote. Haijavunjika. Ameweka kichwa kifuani kwangu. Subirini kidogo."

Tukasubiri. Baadaye akasema tayari. Nikainama nikamwambia apande yeye kwanza, kwa sababu kamba ikikatika punda atamwangukia. Akanijibu kwamba asipomwongoza kuanzia chini, mnyama atajipiga ukutani, na kwamba kuna njia ya pembeni imechimbwa ndani ya mwamba, atajibanza humo punda akishanyanyuka. Meneja akatikisa kichwa kukubali. Nikasema, "Haya." Ndilo neno zito kuliko yote niliyowahi kusema kazini.

Winchi peke yake haikutosha. Vijana wa kijiji waliokuwa wamesimama kando wakaja kushika kamba pamoja na wachimbaji. Mkurya mmoja akamwita Msukuma aliyekuwa mbele yake kama vijana wa kwao wanavyoitana, "Mura, songa, tushikane." Wakavuta kwa pumzi moja. Katikati, kamba iliganda kwenye gogo na mawe madogo yakaporomoka. Nikaita jina la Masanja. Nikaita tena.

"Nipo," akasema. "Legezeni kidogo, mvute upande wa jua linakotoka."

Wakalegeza, wakavuta. Yakaanza kutoka masikio mawili marefu, yameinama, halafu uso uliojaa udongo, macho nusu yamefumba. Walimlaza kwenye nyasi taratibu kama wanavyolaza mtoto. Daktari alimpapasa mbavu, akasikiliza moyo, akaniangalia akatabasamu huku machozi yanamtoka. Yule punda wa pili alipita katikati ya watu, hakuna aliyethubutu kumzuia, akaweka shingo yake juu ya shingo ya mwenzake na kutulia hivyo. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha yule wa shimoni akakunja miguu ya mbele, akajaribu, akaanguka, akajaribu tena, akasimama.

Wakati huo walikuwa wanamvuta Masanja. Alipotokeza alikuwa na mchubuko begani na tabasamu la aibu. Sijui niseme nini kilinipata. Nimeona watoto wakizaliwa hawapumui na wakapumua, nimeona mengi. Nilimsogelea kijana yule, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, nikamwambia, "Shikamoo."

Masanja alitazama chini.

"Mama, usinifanyie hivyo," alisema. "Unanitafutia laana."

Hakuitikia, na sikuiondoa.

Kikao cha bodi kilichofuata, punda wakiwa wameshaletwa Kisaka kutibiwa, kilikuwa kirefu. Wajumbe wawili walitaka punda wote wawili wabaki Kisaka moja kwa moja. Mama Robi alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameifunga kifuani. Nilieleza kwamba mnyama yule alikuwa na mgongo safi, tandiko zuri na kwato zilizotunzwa. Kosa lilikuwa la shimo lililoachwa wazi, na shimo halikuwa la Mama Robi. Mwenyekiti aliamua wakae kwetu mpaka wapone, kisha warudi kwa mwenyewe, na sisi wadhamini twende serikali ya kijiji kuomba maduara yaliyoachwa yafunikwe. Tulipofika huko tukakuta wachimbaji wameshaanza kuyafunika kwa magogo na mawe, wenyeji wakiwasaidia kubeba.

Masanja hakukaa. Iliposikika kuna dhahabu mpya mkoa mwingine, aliondoka na wenzake. Namba yake ya simu haikupatikana tena. Nilipochaguliwa kuwa Mwenyekiti baada ya macho ya yule hakimu kudhoofika, niliwasimulia habari zake wajumbe wote wapya, na wengine nadhani waliona naongeza chumvi. Sikuongeza.

Nilistaafu magoti yalipokataa kupanda mlima. Siku hiyo majina yalibadilishwa, la kwangu likaondolewa kwenye ardhi na kwenye wanyama, na nikarudi Kenyamonta nikiwa sina punda hata mmoja. Wanaouliza nimepata nini kwa miaka ile ya bure bado wapo, na bado nawakaribisha chai.

Juzi nilikuwa nimekaa uani napepeta mtama. Barabarani akapita mtu nisiyemfahamu na punda wake, wamebeba mahindi, jua limepanda. Akasimama kwenye kivuli cha uzio wangu. Akateremsha magunia yote mawili peke yake, kwa shida, ingawa njia yake ilikuwa bado ndefu na angeyapandisha tena. Akamwaga maji ya kunywa aliyokuwa nayo kwenye kofia yake, akamshikia.

"Kunywa, mama," akamwambia. "Hatuna haraka."

Hakujua kama kuna mtu anamtazama. Niliacha kupepeta mpaka punda akamaliza.