Mkanda wa Biskuti

Kwa miaka minne nilipanga biskuti kiwandani Industrial Area, wanawake kumi na wawili tumesimama ubavuni mwa mkanda. Fundi wa mitambo alikuwa jirani yangu Makongeni, tena tuliimba kwaya moja. Siku moja akanijia wakati wa chai.

"Dada, wewe ndiye unaujua mkanda huu. Unakwama wapi?"

Nikamwonyesha. Penye kona, rola zilikuwa zimelika upande mmoja, biskuti zikirundikana na kuvunjika. Akazibadilisha. Baada ya wiki kadhaa alirudi, nikamwambia ukingo wa bati ni mfupi mno. Akaurefusha. Kisha akaleta mota inayoweza kupunguzwa kasi, nikashinda naye kutwa tukijaribu mwendo ambao mikono yetu ingeumudu. Vidole viliacha kuchubuka. Jioni nilifika nyumbani nikiwa bado na nguvu za kusonga ugali. Nilijivunia mkanda ule kana kwamba nimeuzaa.

"Lakini hautatufukuza?" nilimuuliza.

"Dada! Ni wa kuwapunguzia kazi tu."

Mwishowe ikaja mashine ya kufunga pakiti, tukaambiwa ni ya majaribio. Jumatatu iliyofuata soja wa geti alikuwa na karatasi yenye majina manne ya watakaobaki. Langu halikuwemo. Nilimwona fundi ng'ambo ya ua, nikamwita. Akainama kukaza boliti ambayo haikuwa imelegea.

Jumapili nilimngoja nje ya kanisa.

"Ulijua?"

"Tangu zile rola."

"Na ukaniuliza yote yale?"

"Ningekuambia, ungenionyesha?" Alisema kwa upole, kwa sauti ileile anayoombea.

Wenzangu walikuwa wameniona nikisimama naye penye mkanda. Nilikwenda Mukuru kwa Reuben kumjulia hali mmoja wao, aliyenishikia nafasi yangu nilipojifungua kitindamimba wangu. Hakunikaribisha ndani.

"Wewe ndiye uliwafundisha," akasema. "Ulikuwa unakula nao."

Nilimweleza kwamba hata mimi nimeachwa, kwamba sikujua lolote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango taratibu, na hilo liliniuma kuliko kama angeubamiza.

Mwezi huo niliacha kwaya, nikaanza kuuza mboga kando ya Jogoo Road. Mke wa fundi hununua kwangu. Yule mwenzangu hupitia upande wa pili wa barabara.