Sanduku Nililolitoa Bila Kulifungua

Wanangu, wako watu wa Mkuyuni mpaka leo wakiniona nimesimama karibu na mjane wanasogea kusikiliza nitasema nini, na sina cha kuwalaumu, aibu ile niliitafuta mwenyewe, tena kwa mdomo wangu, mbele ya padre.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, kila kona ya Mwanza mtu kamwaga mitumba chini anaita wateja, na mimi darasa la pili sikulimaliza lakini nilikuwa na mashine yangu ya kusaga na nyumba ya bati ambayo hakuna aliyenisaidia hata msumari. Ikaja siku upepo ukapindua mtumbwi uliokuwa unatoka gulioni visiwani, wanaume wa mtaa wetu wa ziwani wakazama, na wengine ziwa halikuwarudisha. Padre akatangaza novena, siku tisa za sala, tusali jumuiya kwa jumuiya, na kila mwenye chochote awaletee wajane: unga, sufuria, nguo.

Watu wakaleta. Nguo karibu zote zilikuwa mitumba, zile tulizokuwa tunaziita kafa Ulaya. Mimi nikasimama (nani alinituma?) nikasema, "Padre, hawa wajane ni wa kwetu, mimi siwezi kuwavika kafa Ulaya. Naleta sanduku zima la vitenge vya kweli!" Watu wakapiga makofi, na makofi yakanipanda kichwani.

Sanduku lenyewe lilikuwa la marehemu mke wangu, Mama Kulwa. Tangu nimzike lilikaa chini ya kitanda na kufuli lake, sikuwahi kuligusa. Msibani kwake sikulia, na wanaume waliolia niliwaambia wakalilie jikoni na wanawake. Sasa mtu wa namna hiyo afungue sanduku la mkewe, harufu yake impige usoni? Nikalifunga kwenye keria ya baiskeli na kufuli lake vilevile.

Katekista Paskali akanipokea kanisani. "Mzee, si tulifungue wote tuone kilichomo?"

"Nikuonyeshe nguo za mke wangu, wewe nani?" Nikamtupia ufunguo, nikageuza baiskeli. (Jamaa mmoja pale nje akaniuliza, "Na hizo zako si kafa Mkuyuni, mzee?" Nilimtukana, Mungu anisamehe, maana alisema kweli.)

Siku ya kumaliza novena tukashuka kwa maandamano mpaka ufukweni, chini ya yale mawe makubwa, padre akabariki maji, kwaya ikaimba, wajane wakatupa maua ziwani. Mimi nilikuwa mbele na mshumaa, mzee wa jumuiya. Wala sikuwa nimefikiria kwamba nguo zikigawiwa zitavaliwa! Huku namwona mama mmoja ana kilemba cha Mama Kulwa, kule gauni lake la Krismasi limevaliwa na mtu mnene (gauni lenyewe linaomba msaada), nikawa nasali Salamu Maria naruka maneno.

Sala ikaisha, watu wakaanza kupanda kilima kurudi. Mbele yangu mwanamke kasimama, amenipa mgongo, anaagana na huyu, anaagana na yule. Kitenge cha kijani, chenye alama ya pasi karibu na pindo. Alama ile niliiunguza mimi, wiki ileile mke wangu alipokipata baada ya kushinda kwenye foleni ya duka la ushirika, enzi zile za kukosa kila kitu, na alinisema mwaka mzima. Na Mama Kulwa alikuwa hivyohivyo, misa ikiisha hatoki, anasalimia parokia nzima, mimi namngoja mlangoni na njaa yangu. Wanangu, sijui niwaeleze vipi. Miguu ilikwenda yenyewe. Nikamshika mkono nikasema kwa sauti yangu ileile ya siku zote, "Mama Kulwa, twende bwana! Ugali hauji wenyewe!"

Akageuka. Alikuwa Veronika, mjane kijana, ambaye mumewe alikuwa bado hajaonekana.

Shemeji yake, Mafuru, akaja mpaka puani kwangu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikajibu, mkono wa watu bado nimeushika.

"Mke wa kaka yangu unamwita akale ugali kwako?"

Hapo ningesema kweli, yakaisha. Lakini mimi, mwenye mashine yangu, nikiri mbele ya watu kwamba namlilia mwanamke? Nikasema, "Naangalia tu kitenge changu kama kimemkaa."

Heri ningenyamaza. Mama mmoja wa kwaya akapaza sauti, "Kumbe! Mzee wa mashine katanguliza mahari, tena kwa sanduku!" Kicheko kikashuka mpaka majini. Mafuru hakucheka. Akamgeukia shemeji yake. "Kwa hiyo mlishaongea? Kaka hata hatujamzika, wewe umeshapata wa kukuvika?"

Binti wa watu akaanza kukifungua kile kitenge hapohapo juu ya gauni lake, na nikaona wazi kwamba akipanda kilima kile bila kitenge, watu watasema amekiri, jina lake limekwisha, kwa wakwe hatakaa, na mimi nitabaki na heshima yangu na mashine yangu.

"Subiri, mama," nikasema. Nikaweka mshumaa chini (ulikuwa umezimika zamani). "Huyu sijawahi kuongea naye hata siku moja. Nilidhani ni mke wangu. Najua alipo, nilimzika mwenyewe, lakini nimemwona hapa kasimama anaagana na watu kama kawaida yake, nikamwita. Namkumbuka Mama Kulwa. Kila siku namkumbuka." Na machozi yakaja, na kamasi, mbele ya wale wanawake wote niliowaachia kazi ya kulia.

Hakuna aliyecheka. Mafuru akawa anatazama ziwa.

"Juzi pale mwaloni, mitumbwi ilipokuwa inaingia, nilimwita kaka," akasema taratibu. "Nikamkimbilia mtu nikilitaja jina lake. Mtu mwenyewe hata hafanani naye." Kisha, "Funga nguo yako, shemeji. Twende nyumbani."

Veronika akanisogelea. "Baba, ukitaka nikurudishie, mimi sitakasirika."

Nilikitaka. Wanangu, nilikitaka kitenge kile kuliko nilivyowahi kuitaka mashine.

"Kivae, mama," nikamwambia. "Ila usikipige pasi ya moto."

Tangu siku ile sanduku lililofungwa silitoi, na ninyi nawaambia hivyohivyo: vya marehemu vifungueni kwanza, mvililie nyumbani mmefunga mlango, ndipo mvipeleke kanisani. Veronika baadaye alirudi kwao Mara, na kitenge kikaenda naye. Mimi siku hizi ndiye wa mwisho kutoka misani, namsalimia huyu, naagana na yule, na pale mlangoni hakuna anayeninunia kwamba nachelewesha. Nikifika nyumbani nabandika maji ya ugali mwenyewe.